JACQUES DE VAUCANSON: Fundi aliyeifunza sanamu kupiga filimbi

MTOTO anayeketi mbele ya tarakilishi leo na kupanga vipande vya rangi, kimoja chini ya kingine, ili paka aliye kwenye skrini atembee, aruke au apige ngoma, hahitaji kujua lugha ngumu ya wataalamu. Kila kipande ni amri moja. Akikihamisha, mwendo wa paka hubadilika papo hapo. Programu hiyo, iitwayo Scratch, ilizinduliwa mwaka wa 2007 na watafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, na miongoni mwa lugha zinazopatikana ndani yake ni Kiswahili.

Hata hivyo, wazo la kuiamuru mashine kwa kupanga vitu vinavyoonekana kwa macho ni kongwe kuliko tarakilishi, na ni kongwe hata kuliko taa ya umeme. Miaka 270 kabla ya Scratch, kijana mmoja mwana wa mshona glavu alipanga vijiti juu ya gogo la mviringo katika karakana yake jijini Paris, na sanamu yenye kimo cha binadamu ikaanza kupiga filimbi.

Kijana huyo ni Jacques de Vaucanson. Maisha yake ni kisa cha mchezo uliogeuka kuwa kazi, na cha mashine zilizowafurahisha matajiri kabla ya kuwatia maskini hofu ya kukosa mkate.

Saa ya ukutani

Vaucanson alizaliwa Februari 24, 1709 katika mji wa Grenoble, kusini mashariki mwa Ufaransa, mji uliosifika kwa glavu za ngozi. Alikuwa mtoto wa kumi katika familia isiyokuwa na mali. Neno de, ambalo katika majina ya Kifaransa huashiria ukoo wa heshima, halikuwa lake kwa kuzaliwa. Alilipata baadaye, jina lake lilipokwisha kuvuma.

Msomi Condorcet, katika tanzia yake ya kumkumbuka, alisimulia jinsi mapenzi ya mtoto huyo kwa mitambo yalivyoanza. Mamake, mwanamke mcha Mungu, alikuwa akimchukua katika ziara zake za Jumapili. Wakati watu wazima wakizungumza mambo ya dini, mtoto alibaki peke yake katika chumba chenye saa. Kwa kukosa la kufanya, akaanza kuichungulia kupitia ufa. Jumapili baada ya Jumapili akatazama jinsi magurudumu yenye meno yalivyosukumana, hata akafahamu siri ya mwendo wake. Kisha akachonga saa yake mwenyewe ya mbao, kwa vifaa duni, nayo ikaenda vyema.

Alisomeshwa na makasisi Wajesuiti mjini Grenoble, kisha akajiunga na watawa wa shirika la Minim mjini Lyon. Huko alipewa karakana, na mwaka wa 1727, akiwa na umri wa miaka 18, inasimuliwa kwamba aliunda wanasesere waliowahudumia wageni mezani na kuondoa vyombo baada ya chakula. Alitarajia kwamba wakuu wa shirika wangefurahi. Badala yake, mmoja wao aliona kazi hiyo kuwa ya kukufuru na akaamuru karakana ibomolewe. Haukupita muda kabla ya kijana huyo kuuvua utawa.

Katika miaka iliyofuata alihamia Paris, akajifunza elimu ya mitambo, muziki na maumbile ya mwili wa binadamu. Alifahamiana na madaktari wapasuaji, akiwemo Claude-Nicolas Le Cat wa mji wa Rouen, ambaye kama yeye alivutiwa na wazo la kuunda vielelezo vya mwili vinavyosogea, ili mtu aone jinsi moyo na mapafu yanavyofanya kazi bila kumpasua aliye hai. Ndoto hiyo ilihitaji fedha nyingi, na Vaucanson hakuwa nazo. Madeni yalipomlemea, aliamua kuunda kitu ambacho watu wangelipa ili kukitazama.

Nyenzo kumi na tano za kuamrisha

Mnamo 1737 aliikamilisha sanamu ya mchungaji ameketi na filimbi mdomoni, iliyofuata mfano wa kinyago cha marumaru kilichokuwa katika bustani ya Tuileries jijini Paris. Mwaka uliofuata, 1738, aliionyesha kwa umma. Kiingilio kilikuwa fedha za Kifaransa livres tatu, takriban ujira wa kibarua wa wiki nzima. Watu walifurika.

Paris ilikuwa imezoea visanduku vya muziki ambapo mwanasesere husogeza vidole huku kinanda kilichofichwa ndani kikiimba. Wengi waliingia ukumbini wakidhani wanaletewa hadaa hiyo hiyo. Lakini sanamu ya Vaucanson ilikuwa ikipiga filimbi halisi, ya aina ambayo mwanamuziki yeyote angeweza kuichukua na kuipiga. Pumzi ilitoka mdomoni mwake, midomo ikafunguka na kufumba, ulimi ukaikata hewa, na vidole vikaziba matundu. Ilikuwa na uwezo wa kupiga nyimbo 12.

Siri ilikuwa ndani ya kiti ilichokalia. Humo mlikuwa na mivukuto tisa, mfano wa ile ya wahunzi, iliyogawanywa katika makundi matatu ili kutoa pumzi ya nguvu, ya wastani na ya upole. Juu ya mitambo hiyo lilizunguka gogo la mviringo lililosimikwa vijiti vidogo. Kila kijiti kilipopita, kiliinua mojawapo ya nyenzo 15. Nyenzo saba zilikuwa za vidole, tatu za pumzi, nne za midomo na moja ya ulimi.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kijiti kilichosimikwa upande huu wa gogo kiliamuru kidole kiinuke. Kilichosimikwa upande wa pili kiliamuru midomo isogee mbele. Mahali kijiti kilipokuwa kwenye mzunguko wa gogo ndipo palipoamua wakati wa tendo hilo, na urefu wa kijiti ukaamua tendo lidumu kwa muda gani. Wimbo mzima ulikuwa umeandikwa kwa vijiti. Aliyetaka kuubadilisha hakuhitaji kuivunja sanamu na kuiunda upya. Alihitaji tu mpangilio mwingine wa vijiti. Kwa maneno ya siku zetu, Vaucanson alikuwa ameitenga programu na mashine, na programu yenyewe ilikuwa kitu cha kutazamwa na kuguswa.

Fauka ya hayo, kazi hiyo ilimfundisha muundaji wake mwenyewe. Ili aiamuru sanamu, ilimbidi apime mambo ambayo wapiga filimbi huyafanya bila kufikiri: ni pumzi kiasi gani inayohitajika kwa sauti ya juu, midomo inapaswa kuwa wazi kiasi gani, ulimi ugonge lini. Aliyaandika yote katika makala aliyoyawasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mwaka wa 1738, na wasomi wa chuo hicho wakaichunguza sanamu na kuiidhinisha. Aliyeanza kwa kuiga alimalizia kwa kuelewa.

Bata wa shaba

Mwaka wa 1739 aliongeza maonyesho mawili. La kwanza lilikuwa mwanamuziki mwingine, aliyepiga filimbi ndogo kwa mkono mmoja na ngoma kwa mkono wa pili, na kuzijua nyimbo zipatazo 20. La pili ndilo lililompa umaarufu usiofutika: bata wa shaba iliyopakwa dhahabu.

Bata huyo alipiga mabawa, akanywa maji, akayachezea kwa mdomo, akanyoosha shingo kudonoa nafaka kutoka mkononi mwa mtazamaji na kuzimeza. Kila bawa lilisemekana kuwa na vipande zaidi ya 400. Baada ya muda mfupi, mbele ya mabwana na mabibi waliovalia hariri, bata alijisaidia. Vaucanson alieleza kwamba chakula kilisagika tumboni kama katika kiumbe hai.

Maelezo hayo hayakuwa kweli. Katika karne iliyofuata, mwanamazingaombwe Robert-Houdin alidai kwamba alipokuwa akimtengeneza bata huyo mnamo 1844 aligundua kuwa nafaka zilizomezwa zilibaki mahali fulani, ilhali kinyesi kilikuwa makombo ya mkate yaliyotiwa rangi ya kijani na kufichwa mapema ndani ya mtambo. Kama bata aliyemfungua ndiye yule yule wa awali ni suala linalobishaniwa, lakini kwamba usagaji chakula ulikuwa hila halina ubishi tena.

Ni doa katika maisha ya fundi huyu, na halifai kufichwa. Mpiga filimbi alikuwa wa kweli kwa sababu Vaucanson aliielewa filimbi. Tumbo la bata lilikuwa la uongo kwa sababu hakuna mtu wa zama zake aliyeuelewa uyeyushaji wa chakula vya kutosha kuuiga. Pale ujuzi ulipokoma, hila ilianza. Anayeunda mashine ya kuiga kitu chochote, hata leo, hufika kwenye mpaka huo huo, na hapo ndipo uaminifu wake hupimwa.

Mawe ya Lyon

Sifa zake zilivuka mipaka. Mwanafalsafa Voltaire alimsifu kwa mashairi. Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alimwalika katika baraza lake mwaka wa 1740, naye akakataa. Mwaka wa 1741, Kardinali Fleury, waziri mkuu wa Mfalme Louis wa Kumi na Tano, alimteua kuwa mkaguzi wa viwanda vya hariri nchini Ufaransa. Miaka miwili baadaye aliwauza wanasesere wake wote kwa wafanyabiashara wa Lyon, wala hakurejea tena katika maonyesho.

Hariri ilikuwa mhimili wa uchumi wa Lyon. Ufaransa ilikuwa ikishindwa kwa ubora wa nyuzi na jimbo la Piedmont, katika Italia ya leo, na serikali ilitaka mageuzi ya haraka. Vaucanson alizuru viwanda, akaandika mapendekezo, na mnamo 1744 sheria mpya zikatangazwa. Kwa wafumaji wadogo, sheria hizo zilimaanisha jambo moja. Wafanyabiashara wakubwa waliongezewa nguvu, nao mafundi waliokuwa wakijitegemea wakaona wanageuzwa vibarua.

Agosti mwaka huo, Lyon ililipuka. Maelfu ya wafumaji walimiminika barabarani. Mtu aliyekuwa ameshangiliwa na Paris nzima alirushiwa mawe, na inasimuliwa kwamba alitoroka usiku akiwa amevaa joho la mtawa, vazi lile lile alilolivua ujanani. Serikali ilizifuta sheria hizo kwa muda ili kutuliza ghasia, kisha ikazirejesha mwaka uliofuata.

Ni rahisi kuwalaumu wafumaji hao kwa kuyapinga maendeleo. Lakini tukitazama kwa makini, hawakuwa wamekasirishwa na bata wala na mpiga filimbi. Swali lao lilikuwa nani atakayekula jasho la mashine, na hakuna aliyewaita kikaoni kuwauliza kabla ya sheria kuandikwa.

Kutoka wimbo hadi kitambaa

Vaucanson alijibu kwa njia aliyoijua. Mnamo 1745 aliunda mtambo wa kufuma uliojiendesha.

Mfumaji wa mikeka wa pwani ya Afrika Mashariki anajua kwamba ua la mkeka halichorwi juu yake. Huhesabiwa ndani yake: ukindu huu upite juu, huu chini, mbili juu, moja chini. Kitambaa cha hariri chenye maua hufumwa kwa hesabu hiyo hiyo, ila nyuzi ni maelfu. Katika mitambo ya zamani, mfumaji alihitaji msaidizi, mara nyingi mwanamke au mtoto, wa kuvuta kamba kwa mpangilio maalum ili nyuzi zifaazo ziinuke kila mara. Ilikuwa kazi ya kuchosha mwili na kuhitaji uangalifu usiokatika.

Mafundi wengine wa Lyon walikuwa wameshaanza kutafuta suluhu. Basile Bouchon alitumia karatasi iliyotobolewa matundu mwaka wa 1725, na Jean-Baptiste Falcon akafuata kwa kadi zilizounganishwa. Vaucanson aliichukua hekima yao na kuiunganisha na gogo lake la mviringo. Palipokuwa na vijiti pakawa na matundu. Palipokuwa na vidole vya mchungaji pakawa na nyuzi za hariri. Msaidizi wa kuvuta kamba hakuhitajika tena. Inasimuliwa pia kwamba, kwa kuwakejeli wafumaji waliomfukuza, alionyesha mtambo wake ukiendeshwa na punda na kutoa kitambaa chenye maua. Kama ni kweli, ilikuwa kejeli isiyomstahili mwana wa mshona glavu.

Mtambo huo ulikuwa ghali na mgumu kuutunza, na haukupata wateja. Uliwekwa kando.

Mwaka wa 1746 alipokelewa katika Chuo cha Sayansi. Aliendelea kuunda vyombo vya kuundia vyombo vingine, likiwemo kerezo la chuma tupu la mnamo 1751, ambalo wanahistoria wa uhandisi hulitaja miongoni mwa mashine muhimu za karne hiyo. Hakuisahau ndoto yake ya ujanani pia. Kwa kuungwa mkono na mfalme, alipanga kuunda kielelezo cha mzunguko wa damu mwilini, chenye mishipa ya mpira, zao lililokuwa geni Ulaya na lililotarajiwa kutoka Guyana huko Amerika Kusini. Mradi huo haukukamilika.

Aliaga dunia jijini Paris Novemba 21, 1782, akiwa na umri wa miaka 73. Mashine zake alizirithisha kwa Mfalme Louis wa Kumi na Sita.

Urithi

Wanasesere waliompa umaarufu walipotea. Mshairi Mjerumani Goethe aliwaona mwaka wa 1805 katika nyumba ya mtu mmoja mjini Helmstedt. Mpiga filimbi alikuwa bubu, na bata alikuwa amebaki mifupa ya shaba. Aliweza bado kula nafaka, lakini mchezo wake wa mwisho ulikuwa umekwisha.

Mtambo wa kufuma, ambao hakuna aliyeulipia kiingilio, ndio uliosalia. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, mashine za Vaucanson ziliingizwa katika hazina ya taasisi ya ufundi iliyoasisiwa Paris mwaka wa 1794, na leo zinaweza kuonekana katika jumba la makumbusho la taasisi hiyo. Hapo ndipo Joseph-Marie Jacquard, mwana wa mfumaji wa Lyon, alipoukuta mtambo huo, akauchunguza, na mwaka wa 1804 akatokea na mashine yake iliyotumia msururu wa kadi zenye matundu. Safari hii viwanda viliipokea, ingawa wafumaji wa Lyon waliipinga nayo.

Kutoka hapo, mstari ni mnyoofu. Katika miaka ya 1830, Mwingereza Charles Babbage aliazima kadi za Jacquard kwa ajili ya mashine ya hesabu aliyoibuni, na mwaka wa 1843 Ada Lovelace akaeleza kwa maandishi jinsi mashine hiyo ingeamrishwa, ilhali haikuwa imeundwa wala haikuja kuundwa. Kadi zenye matundu zilihesabu Wamarekani katika sensa ya 1890, na zikawa chakula cha tarakilishi za kwanza za karne ya 20.

Kisha, baada ya karne mbili za kazi, mchezo ulirejea. Mnamo 1967, Seymour Papert, mwanahisabati mzaliwa wa Pretoria nchini Afrika Kusini, alishirikiana na wenzake nchini Marekani kuunda Logo, lugha iliyowawezesha watoto kumwamuru kobe wa tarakilishi achore maumbo. Papert aliamini kwamba mtoto anayemfundisha kobe kuchora mraba huuelewa mraba kuliko anayekaririshwa. Watafiti waliofuata nyayo zake ndio waliozigeuza amri kuwa vipande vya rangi ambavyo mtoto hupanga leo.

Ama kwa hakika, mtoto huyo na Vaucanson wangeelewana bila mkalimani. Paka akigonga ukuta badala ya kugeuka, mtoto hutazama vipande vyake, akakisogeza kimoja, akajaribu tena. Vaucanson alifanya vivyo hivyo kwa vijiti vyake hadi filimbi ikatoa sauti aliyoitaka. Na kwa kila mtu anayeanza kwa mchezo huo, siku huja ambapo mashine aliyoiunda huingia mahali ambapo wengine wanapata riziki. Vaucanson aliifikia siku hiyo Lyon, Agosti ya 1744, akiwa na majibu yote ya kiufundi na bila jibu lolote kwa wafumaji.